Petroli ya 87, ya 91 na ya 95: namba ya pampu na yale isiyoyasema

Chukua petroli moja, iliyotoka kiwanda kimoja na tangi moja. Ukiiuza Marekani, kwenye pampu utabandika namba ya oktani 87. Ukiipeleka Australia utabandika 91, na kote kuwili hujamdanganya mtu. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaona 87 anasema nchi ile inauza mafuta hafifu. Mwingine ana gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, kitabu chake kinadai 91, anavuka bahari nalo na kujaza petroli ya 91 akijua ametimiza agizo la kiwanda, kumbe ameipa injini mafuta yaliyo chini kwa alama nne au tano. Gari halizimiki siku hiyo. Linaanza kuwa zito mlimani, linakula mafuta kuliko zamani, na lawama inamwangukia fundi.

Namba hizo zinafanana sura tu. Mizani iliyozipima si moja.

Oktani haipimi nguvu iliyomo kwenye mafuta. Inapima ustahimilivu: petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajilipua yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Mipaka ya kipimo iliwekwa miaka ya 1920, Graham Edgar alipopendekeza vimiminika viwili: heptani, ambayo hugonga (yaani kujilipua hivyo) kwa urahisi sana, ipewe 0, na isooktani, inayostahimili, ipewe 100. Petroli ikiitwa 95 maana yake inagonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5. Haina maana kwamba ndani yake mna oktani asilimia 95.

Kupima kwenyewe hufanyika katika injini maalumu ya maabara iitwayo CFR, yenye silinda moja, ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa huku ikizunguka. Ndani ya injini hiyohiyo kuna njia mbili. Ya kwanza inatoa RON: injini inazunguka mara 600 kwa dakika na hewa inayoingia ina joto la nyuzi 52 hivi. Ya pili inatoa MON: mizunguko 900, na mchanganyiko wa hewa na petroli unapashwa hadi nyuzi 149 kabla ya kuingia. Joto hilo linaibana petroli zaidi, kwa hiyo MON huwa ndogo kuliko RON, mara nyingi kwa alama 8 hadi 10. Sehemu kubwa ya dunia hubandika RON kwenye pampu. Marekani na Kanada hubandika wastani wa hizo mbili, ndiyo maana ukiitazama pampu ya Marekani kwa karibu utaona kibandiko cha njano chenye maandishi madogo (R+M)/2.

Fanya hesabu mwenyewe. Kiwango cha Ulaya, EN 228, kinadai RON isipungue 95 na MON isipungue 85. Jumlisha, gawa kwa mbili: 90. Basi petroli ya kawaida ya Ulaya ingekuwa 90 kwenye pampu ya Marekani. Ukirudi upande wa pili, 87 ya Marekani ni RON 91 hadi 92, 91 yao ni RON 95 hadi 96, na 93 yao ni takribani RON 98. Anayetaka kanuni ya haraka aongeze 4 au 5 kwenye namba ya Marekani. Ni makadirio, kwa sababu pengo kati ya RON na MON hutegemea petroli imetengenezwa na nini, lakini kwa kuchagua pampu yanatosha.

Urusi nayo ina somo lake. Petroli ya zamani iliyoitwa A-76 ilipimwa kwa MON, ilhali AI-92 na AI-95 hupimwa kwa RON. Herufi I ndiyo inayoonyesha njia ya kipimo. Mtu akisoma 76 na 92 kama ngazi mbili za mizani moja, pengo analoliona ni kubwa kuliko lililopo, maana A-76 kwa RON ni karibu 80.

Baada ya kuzileta namba zote kwenye RON, picha ya dunia inakuwa hivi. Ulaya sakafu ni 95, na juu yake kuna 98; Ujerumani utakuta hata petroli ya 102. Japani kiwango cha taifa kinadai 89 kwa petroli ya kawaida na 96 kwa ile wanayoiita haioku, ingawa ya kawaida inayouzwa hasa huwa 90 au 91. Ndiyo maana gari la Ulaya likiuzwa Japani huandikiwa haioku: injini iliyotengenezewa 95 haiwezi kutegemea petroli yao ya kawaida, na kati ya hizo mbili hakuna ngazi nyingine. Kinyume chake, gari la soko la Japani lililoandikiwa petroli ya kawaida litakuwa salama popote penye 91 na kuendelea. China wana 92, 95 na 98. Indonesia ngazi za chini zilikuwa 88 kwa miaka mingi, kisha 90, halafu 92 na 98. Malaysia wanaanzia 95.

Sasa injini yenyewe. Cheche ikiwaka, moto husambaa kutoka kwenye plagi ukielekea kingo za silinda, na petroli ambayo haijafikiwa hubanwa na kupata joto. Oktani ikiwa ndogo mno, hicho kilichobaki hulipuka chote kwa pamoja kabla moto haujafika. Utasikia mlio kama kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta ukiwa gia kubwa na mwendo mdogo. Hapo ndipo pistoni hutoboka, au kingo zinazoshika ringi humeguka.

Gari la kisasa lina sensa iliyofungwa kwenye bloku, inayosikiliza mlio huo. Kompyuta ikiusikia huchelewesha cheche kidogo kidogo mpaka mlio ukome. Hii ni kinga nzuri, lakini ina bei yake: cheche iliyochelewa inapoteza nguvu, inaongeza joto la ekzosi na inakula mafuta. Mwenye gari hasikii kitu, kwa hiyo anaamini petroli ya chini inamfaa. Injini ya kabureta haina kinga hiyo kabisa. Hapo fundi ndiye anayerudisha taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa mkono, au injini inaumia.

Kuipa injini oktani kubwa kuliko inayohitaji hakuleti nguvu, na hili linahitaji kusemwa waziwazi kwa sababu watu wengi wanapoteza pesa hapo. Lita moja ya 98 haina nishati zaidi ya lita moja ya 91 kwa sababu ya oktani yake. Faida ipo pale tu ambapo kompyuta imepewa uwezo wa kuiwahisha cheche ikigundua kwamba mafuta yanavumilia. Soma kitabu cha gari kwa makini: “lazima” na “inapendekezwa” ni maagizo mawili tofauti. Kikisema 95 inapendekezwa, injini itaishi na 91 ila itapunguza nguvu. Kikisema 95 ni lazima, mara nyingi ni turbo au mgandamizo mkubwa, na 91 si ya kuchezea. Injini hizi za turbo zenye kurushia petroli moja kwa moja ndani ya silinda hufuata RON zaidi kuliko wastani wa Marekani, kwa sababu hewa yao hupozwa kabla ya kuingia na petroli huipoza tena inapogeuka mvuke. Kwa gari la namna hiyo, kati ya petroli mbili zenye wastani sawa, ile yenye RON kubwa zaidi ndiyo itakayoitumikia vizuri.

Kuchanganya ngazi kunaruhusiwa. Lita 20 za 91 juu ya lita 20 za 98 zitakupa takribani 94.5. Hesabu hiyo si kamili ethanoli ikiwamo, lakini haipotoshi.

Mwinuko nao unabadilisha mambo. Katika majimbo ya milimani ya Marekani utaona pampu ya 85, na Afrika Kusini, kule bara kulikoinuka, magari mengi hutumia 93 ilhali pwani ni 95. Sababu ni kwamba juu hewa ni nyepesi, silinda inajazwa kidogo, na shinikizo linashuka. Kwa injini ya kabureta isiyo na turbo, hoja hiyo ni ya kweli. Kwa turbo hoja inapwaya, maana turbo hurudisha shinikizo lililopungua. Na ukishuka kutoka mlimani hadi pwani ukiwa na tangi la 85, petroli uliyobeba sasa iko mahali isipotengenezewa.

Mpaka hapa ni oktani tu. Petroli mbili zenye RON 95 zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi, na tofauti hiyo haiandikwi kwenye namba kubwa ya pampu.

Anza na ethanoli. Marekani karibu petroli yote ina asilimia 10, ndiyo inayoitwa E10. Uingereza iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, na ile ya bei ya juu ikabaki E5. Tangu Oktoba 2018, vituo vya Umoja wa Ulaya huweka alama ya duara yenye E5, E10 au E85. Alama ya mraba yenye B ni dizeli. India imefika E20. Brazili ilikuwa kwenye asilimia 27 tangu 2015, na kuanzia 1 Agosti 2025 ikapanda hadi 30.

Ethanoli ina oktani kubwa, RON karibu 108, kwa hiyo watengenezaji huipenda. Lakini ujazo wake una nishati pungufu kwa theluthi moja hivi kuliko petroli, na inataka hewa kidogo: sehemu 9 kwa 1, pale petroli safi inapotaka 14.7. Kwa E10 mwenye gari atapoteza takribani asilimia 3 ya kilomita zake, na kompyuta itarekebisha yenyewe. Gari lisilotengenezewa ethanoli likijazwa E30, kompyuta inaweza kufika mwisho wa marekebisho yake, taa ya injini ikawaka kwa msimbo P0171, yaani mchanganyiko una petroli pungufu. Fundi asiyejua habari ya mafuta atabadilisha sensa ya oksijeni bure. Kwenye magari na pikipiki za zamani, mipira ya mafuta na gaskiti za kabureta huvimba au kupasuka.

Na kuna maji. Petroli tupu haichanganyiki na maji, yanakaa chini. E10 huyameza, karibu nusu ya asilimia moja ya ujazo wake, kisha yakizidi kidogo au baridi ikishuka, inaachia yote kwa mkupuo. Maji na ethanoli vinazama pamoja chini ya tangi, pale pampu inapofyonzea, na petroli inayobaki juu imepoteza alama 2 au 3 za oktani. Gari likikaa miezi bila kutembea, tangi nusu, hiyo ndiyo hatari yake.

Kupima ethanoli hakuhitaji maabara, na Wabrazili wamelifanya jambo la kila kituo: mteja akiomba, kituo kinalazimika kumpimia mbele yake. Unahitaji silinda ya kioo ya mililita 100 yenye mistari na kizibo. Tengeneza maji ya chumvi kwa gramu 100 za chumvi, ukiongeza maji mpaka ifike lita moja. Mimina petroli mililita 50, kisha maji ya chumvi mililita 50. Funga, pindua juu chini taratibu mara 10 bila kutikisa kwa nguvu, weka mezani, ngoja dakika 10. Ethanoli itaiacha petroli na kuhamia kwenye maji, kwa hiyo mstari wa maji utapanda. Ukitoka 50 ukafika 63, umeongezeka 13. Zidisha kwa 2, ongeza 1, unapata asilimia 27. Chumvi ipo ili tabaka mbili zitengane kwa mstari safi. Ukitumia maji matupu, mpaka unakuwa na ukungu na unasoma kwa kukisia.

Kipimo hiki kina upofu mmoja: methanoli nayo huhamia kwenye maji, na macho hayaitofautishi na ethanoli. Methanoli inakula aluminiamu na kuharibu mipira kwa kasi kubwa zaidi. EN 228 inairuhusu isizidi asilimia 3. Mapema 2022 Nigeria ilipokea shehena za petroli zenye methanoli kupita kiasi, zikabidi ziondolewe sokoni, na foleni zikatanda vituoni.

Salfa haionekani wala haisikiki. Ulaya kikomo ni miligramu 10 kwa kilo tangu 2009, Japani ni 10, China ilifika 10 nchi nzima mwaka 2017, India Aprili 2020. Marekani ni wastani wa 10 tangu 2017. Australia iliruhusu 150 kwenye 91 na 50 kwenye 95 na 98 kwa miaka mingi, ikapanga kushuka hadi 10 kuanzia Desemba 2025. Salfa hukalia uso wa madini ya thamani ndani ya katalisti, na katalisti inaacha kusafisha moshi ipasavyo. Habari njema ni kwamba tangi kadhaa za petroli safi na safari ndefu yenye joto vinaweza kuirudishia sehemu ya uwezo wake. Risasi, yale madini yaliyowahi kutiwa kwenye petroli, haina msamaha huo: ikishaifunika, katalisti imekufa.

Risasi iligunduliwa kuwa dawa ya kugonga na Thomas Midgley mwaka 1921, ikaanza kuuzwa 1923. Marekani iliipiga marufuku kwenye magari ya barabarani 1996, Umoja wa Ulaya 2000, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006, na Algeria ikafunga mlango mwaka 2021. Ilipoondoka, baadhi ya nchi ziliingiza madini ya manganizi kama njia rahisi ya kupandisha oktani. EN 228 inairuhusu miligramu 2 tu kwa lita. Alama yake utaiona ukifungua plagi: unga wa rangi ya chungwa au kutu kwenye kauri. Plagi za namna hiyo hukosa cheche mapema, na kubadilisha plagi peke yake hakutibu. Petroli ndiyo inayopaka.

Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ni mgumu kuugundua kuliko watu wanavyodhani. Oktani ya mafuta ya taa haifiki hata nusu ya petroli. Tukichukua 30, lita 1 ndani ya lita 9 za RON 95 inaishusha hadi 88.5. Injini inagonga, plagi zinalowa na kuwa nyeusi, na mafuta yasiyoungua yanateremka na kupunguza uzito wa oili. Wengi hukimbilia haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika. Petroli yenye kilo 745 kwa mita ya ujazo ikichanganywa hivyo na mafuta ya taa yenye 800 inafika 750.5, na kiwango cha Ulaya kinaruhusu kuanzia 720 hadi 775. Imepita! Isitoshe, uzito wa petroli hubadilika kwa 0.9 hivi kila nyuzi moja ya joto, hivyo tofauti ya 5.5 ni sawa na kukosea kipimajoto kwa nyuzi 6. Haidromita bila kipimajoto ni mapambo. Na hata vikiwa vyote viwili, vitakusaidia pale tu unapojua uzito wa shehena ilipopakiwa, ukalinganisha namba kwa namba.

Kinachoumbua mafuta ya taa ni joto la kuchemka. Petroli yote inapaswa kuwa imekwisha kuchemka kufikia nyuzi 210, ilhali mafuta ya taa yanaendelea hadi 250 na zaidi. Kwa asiye na maabara, karatasi nyeupe ya kuchujia inatumia kanuni hiyohiyo: dondosha tone moja, ngoja dakika mbili kivulini. Petroli safi hukauka bila kuacha duara; mafuta ya taa huacha doa lenye mafuta ambalo halitoki. Weka kando tone la petroli unayoiamini ulinganishe, kwa sababu rangi na dawa za kusafisha injekta nazo zinaweza kuacha alama hafifu.

Dawa hizo za kusafisha pia hutofautiana. Marekani kiasi cha chini ni sheria tangu 1995, na 2004 watengenezaji wa magari kadhaa walianzisha kiwango cha juu zaidi kiitwacho Top Tier. Penye petroli isiyo na dawa hizo, chupa ya dawa yenye polieta-amini kwenye tangi inasaidia injekta. Valvu za kuingizia za injini inayorushia ndani ya silinda haziguswi, maana petroli haizipitii kabisa.

Jambo la mwisho ni rangi za mpini wa pampu, na hili limeua injini nyingi za magari ya kukodi. Uingereza kijani ni petroli na cheusi ni dizeli. Japani chekundu ni petroli ya kawaida, njano ni haioku, na kijani ni dizeli. Soma neno, acha rangi. Dizeli ikiingia kwenye tangi la petroli, usiwashe gari hata kulisogeza pembeni. Lisukumwe, tangi limwagwe, chujio libadilishwe. Ikiwa kosa ni oktani ndogo tu, huna haja ya kumwaga: tembea kwa mizunguko ya wastani, shuka gia mapema kwenye mlima badala ya kukanyaga ukiwa gia kubwa, na tangi likifika nusu jazia ya ngazi ya juu.